Saini Isiyo na Mwenzake

Katika miaka yote ya chuo, kila dawa niliyompa mgonjwa ilihitaji saini mbili: yangu, na ya muuguzi aliyesajiliwa aliyekuwa amesimama kando yangu akitazama. Niliizoea saini hiyo ya pili kiasi kwamba sikuiona tena. Niliiona siku ilipokosekana. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, zamu ya usiku, nimerudi kutoka kitandani kwa mgonjwa ambaye dozi yake ya antibiotiki ilikuwa imekwisha kuingia. Niliandika saa, nikaweka saini kwenye chati, kisha nikainua macho kumtafuta mtu wa kuweka ya kwake. Hakukuwa na mtu, wala hakutakiwa kuwapo. Nilibaki nimeishika kalamu ile kwa muda, nikilitazama jina langu likiwa peke yake kwenye mstari.

Nalisimulia jambo hili dogo kwa sababu naamini mazungumzo mengi juu ya muuguzi aliyetoka chuoni huanzia mahali pasipo pake. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi, kwamba vyuo vimelegea, kwamba wanaoingia wodini wana vyeti visivyo na mikono. Maoni yangu ni tofauti. Kinachobadilika siku ya kwanza ya ajira si kiasi cha maarifa kilichomo kichwani, kwa kuwa kichwa ni kilekile kilichofanya mtihani wa mwisho wiki chache zilizopita. Kinachobadilika ni nani anayeamua na nani anayewajibika. Wodi inayomwachia mtu mzigo huo wote peke yake tangu zamu zake za mwanzo inamweka mgonjwa hatarini, hata kama muuguzi huyo aliongoza darasa lake.

Chuoni, mgonjwa ni mmoja. Unapewa kitanda, unasoma faili lake lote, unaandika mpango wa uuguzi, na mkufunzi anakuuliza sababu ya kila hatua. Wodini unapokea ripoti ya wagonjwa kumi kwa dakika chache, na kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza mambo yameanza kugongana: dripu ya kitanda cha tatu imekwisha, wa kitanda cha tano anaomba kusaidiwa kwenda msalani, ndugu wa kitanda cha saba wanataka maelezo, daktari anauliza majibu ya maabara, na mgonjwa wa kitanda cha tisa, aliyekuwa akilalamika maumivu mchana kutwa, sasa amenyamaza. Mgeni hukimbilia dripu kwa sababu anaiona na anajua namna ya kuibadilisha. Mwenye uzoefu humwendea kwanza aliyenyamaza. Hakuna somo la darasani linaloweza kukupa jicho hilo, kwa sababu huzaliwa kutokana na kuona watu wengi walionyamaza, na kukumbuka ni yupi alikuwa amepata nafuu na ni yupi alikuwa anazidiwa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1974 mtafiti Mmarekani Marlene Kramer aliandika kwa kina juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapokuta kazi halisi haifanani na ile waliyofundishwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1984, mwenzake Patricia Benner alieleza ngazi tano ambazo muuguzi huzipanda, kuanzia mwanagenzi asiye na uzoefu wowote hadi bingwa. Kwa maelezo yake, anayehitimu huwa bado yuko karibu na ngazi ya pili, na umahiri wa kuweza kupanga na kusimamia kazi nyingi kwa wakati mmoja hufikiwa baada ya miaka miwili au mitatu ya kufanya kazi katika mazingira yaleyale au yanayofanana. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ningependa wapanga ratiba wayazingatie. Muuguzi mpya akihamishwa wodi kila baada ya wiki chache ili kuziba mapengo, leo kwa watoto, kesho kwa waliofanyiwa upasuaji, anarudishwa chini ya ngazi kila anapohama, kisha tunamlaumu kwamba hapandi.

Florence Nightingale alipoanzisha shule yake ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, wanafunzi walikaa mwaka mmoja wakijifunza ndani ya wodi zenyewe. Sitamani turudi huko, kwani muuguzi wa leo anahitaji kuifahamu famakolojia, yaani elimu ya dawa, na fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, kwa kiwango ambacho mwaka mmoja usingetosha kabisa. Hata hivyo, elimu ilipohamia darasani, kipande cha mafunzo kilibaki wodini, na kipande hicho kinahitaji mwalimu.

Sasa nieleze usiku ambao ndio hasa ulionifanya niandike makala haya. Nilikuwa na miezi miwili kazini. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana wa siku hiyo. Karibu na saa sita usiku nilimpima: presha ya kawaida, joto la kawaida, mapigo ya moyo 104, na pumzi 26 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20. Nilihesabu tena, macho kwenye mkono wa saa na kiganja changu juu ya kifua chake, dakika nzima, nikapata 26 tena. Nilipomuuliza anajisikiaje alisema yuko salama ila hana raha tu, hajui kwa nini.

Nilipaswa kuita msaada papo hapo. Sikuita. Mapema jioni hiyo nilikuwa nimeuliza namna ya kurekebisha mashine ya dripu ambayo sikuwahi kuitumia, na muuguzi mwandamizi alinijibu kwa sauti, mbele ya wagonjwa, “Hivi huko chuoni mlikuwa mnafundishwa nini?” Swali hilo lilikuwa bado linaniwasha. Nilijiambia kwamba presha yake ni nzuri, pengine ni maumivu, nitampima tena baadaye. Baadaye hiyo ilikuwa dakika arobaini. Nilipompima mara ya pili presha ilikuwa imeshuka, viganja vyake vimepoa, na jasho limemtoka kwenye paji la uso. Alikuwa anavuja damu tumboni. Alirudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo, na namshukuru Mungu kwamba alipona. Daktari wa zamu aliponiuliza hali hiyo ilianza lini, sikuwa na la kusema zaidi ya kumpa chati. Namba 26 ilikuwa pale, na saa kando yake, kwa mwandiko wangu.

Wanafunzi wote wa uuguzi wanajua kwamba mwili unaopoteza damu hujitahidi kwanza kufidia: moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, mishipa hubana, na presha huweza kuonekana njema hadi uwezo huo uishe. Nilikuwa nimelijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Nilichokosa usiku ule ni uhakika kwamba nikiuliza tena sitaaibishwa. Nakubali sehemu yangu ya kosa, tena naibeba hadi leo, lakini nakataa kusema kwamba lilikuwa kosa la mtu asiyejua.

Ndiyo maana napenda mifumo inayomwondolea mgeni mzigo wa kuona haya. Mwaka 2012 chuo cha madaktari cha Royal College of Physicians nchini Uingereza kilitoa mfumo wa alama za tahadhari ambao kila kipimo hupewa pointi, na pumzi 25 au zaidi kwa dakika hupata pointi 3 peke yake, kiasi kinachotosha kudai mgonjwa aangaliwe upya kwa haraka. Kwa mfumo huo nisingelazimika kujiuliza kama nitaonekana mjinga, kwani karatasi ndiyo ingekuwa imeita. Lakini mfumo wowote wa namna hiyo hufa pale wodi inapojaza pumzi bila kuzihesabu. Nimesoma chati ambazo kila mgonjwa ana 18 asubuhi, 18 mchana na 18 usiku, na mgeni anayeona hivyo hujifunza haraka kwamba safu hiyo haina maana.

Baadhi ya wenzangu waandamizi husema, “Hata sisi tulipitia hayo, na tumekomaa.” Nawaheshimu, kwa sababu wengi wao walifanya kazi katika hali ngumu kuliko yangu. Lakini wanaosema hivyo ni waliobaki. Walioacha kazi mwaka wa kwanza hawako wodini kutusimulia, na wagonjwa waliolipa gharama ya ukomavu wetu hawaulizwi. Kumfokea mgeni anayeuliza hakumfundishi uvumilivu. Kunamfundisha kunyamaza, na muuguzi aliyenyamaza ana hatari ileile ya mgonjwa aliyenyamaza.

Hata kusaidiana kunahitaji kufanywa kwa makini. Dawa zenye hatari kubwa, kama insulini, hupaswa kuhakikiwa na watu wawili, na nimeona mara nyingi uhakiki huo ukigeuka kuwa mtu wa pili kutupa jicho na kutikisa kichwa. Uhakiki wa kweli ni kila mmoja kusoma agizo mwenyewe, kupiga hesabu yake mwenyewe, kisha kulinganisha. Agizo la insulini lililoandikwa 10U kwa haraka husomeka 100 kwa urahisi, ndiyo maana inashauriwa neno yuniti liandikwe kamili. Mgeni akiambiwa, “Piga hesabu yako, usinionyeshe kwanza,” anapata heshima na mgonjwa anapata ulinzi.

Sijasahau pia kwamba nilipata mema. Mgonjwa wangu wa kwanza kufariki alifariki alfajiri, na muuguzi wa zamu hiyo, mwanamke wa makamo asiyesema sana, aliniambia, “Mdogo wangu, twende pamoja.” Alinionyesha namna ya kufunga macho ya marehemu, kutoa kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, na kuweka pamba palipochomwa, kunyoosha mikono kabla haijakakamaa. Kila tulipomgeuza, alimtaja kwa jina na kumwambia tunachofanya, kama vile bado anasikia. Tulipomaliza alichukua funguo za kabati la dawa kutoka mfukoni mwangu, akanituma nikanywe maji na nikae robo saa. Dawa za asubuhi alizianza yeye. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Ninachoomba kwa wasimamizi wa wodi hakina gharama kubwa. Muuguzi mpya apewe mwandamizi mmoja anayejulikana kwa jina, asiwe wa yeyote atakayepatikana. Asibadilishwe wodi katika miezi yake ya mwanzo. Aanze na wagonjwa wachache, na idadi iongezwe kadiri anavyozoea. Zaidi ya yote, asipangwe zamu ya usiku bila mtu anayeweza kumwendea na kumwambia, “Dada, njoo uhesabu na mimi.” Ratiba ya mwezi ujao pengine iko mezani, bado haijabandikwa ukutani. Itazameni safu ya usiku, mtafute jina la aliyeajiriwa juzi, kisha mwone ni jina gani limeandikwa kando yake.