Wati Kumi Ambazo Hakuna Aliyezitafuta

Jumatano ya tarehe 10 Septemba 2008, wanahabari kutoka pande nyingi za dunia walikusanyika karibu na Geneva kushuhudia protoni, chembe za kiini cha atomu, zikizunguka kwa mara ya kwanza ndani ya LHC, kiharakishi kikubwa cha chembe cha CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia. Kiharakishi ni mashine inayosukuma chembe ndogo kuliko atomu kwa kasi kubwa mno. Siku tisa baadaye, Ijumaa tarehe 19, saa tano na dakika kumi na nane asubuhi, wanahabari hao walikuwa wamekwisha kwenda zao. Sumaku za sehemu inayoitwa 3-4 zilikuwa zikipandishiwa umeme hatua kwa hatua, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee kati ya nane za duara hilo ambayo ilikuwa bado haijakamilisha majaribio ya mkondo mkubwa. Lengo lilikuwa ampea 9,300. Mkondo ulipofika karibu ampea 8,700, kiungo kimoja cha nyaya za sumaku kikaachia.

Makala nyingi nilizosoma kwa Kiswahili kuhusu mashine hii hukimbilia chembe ya Higgs, ile inayosaidia kueleza kwa nini chembe nyingine zina uzito, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, na ajali ile hupewa sentensi moja ya kupita, kana kwamba ni pancha njiani. Mimi naona kinyume. Anayetaka kuelewa kiharakishi ni kitu gani na aanze na kiungo kile, kwa sababu kazi ya kupima, kukagua na kutengeneza ndiyo sehemu kubwa ya sayansi yenyewe, na Higgs isingeonekana bila watu waliokaa miezi mingi handakini wakihangaika na lehemu.

Handaki lina mzunguko wa kilomita 27, wastani wa mita 100 chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa. Ndani yake zimepangwa sumaku 1,232 za kupindisha njia ya protoni, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35 hivi, pamoja na mamia ya sumaku nyingine za kuzikusanya protoni zisitawanyike. Waya za sumaku hizo ni za niobi na titani, na zikipozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 271.3 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Hapo ndipo wasomaji wengi huishia, wakistaajabia baridi. Lakini sumaku hizo zilitengenezwa moja moja, zikashushwa moja moja, na ilibidi ziunganishwe handakini kwa mikono ya mafundi: kebo juu ya kebo, ndani ya shaba, kwa lehemu ya bati na fedha, mara zaidi ya 10,000. Fundi yeyote wa umeme wa majumbani atakuambia kuwa waya wenyewe hauungui ovyo. Panapoungua ni pale ulipofungwa vibaya.

Kiungo kizuri cha LHC kina ukinzani wa takribani nanoomu 0.35, na nanoomu ni omu moja, kipimo cha ukinzani wa umeme, iliyogawanywa mara bilioni. Kile cha sehemu ya 3-4 kilikadiriwa baadaye kuwa na nanoomu 220 hivi. Bado ni kidogo mno, hata kipimo cha kawaida cha fundi kisingekiona, ila ukipitisha maelfu ya ampea mahali hapo unapata joto, na joto likizidi uwezo wa heliamu kulibeba, waya hupoteza ile sifa yake ya kutokuwa na ukinzani. Shaba iliyouzunguka ilitakiwa iubebe mkondo huo kwa muda, lakini nayo haikuwa imeshikana vizuri. Cheche kubwa ya umeme ikaruka, ikatoboa chombo cha heliamu. Tani mbili za heliamu zilitoka kwa kasi kubwa na nyingine zikafuata hadi kufikia tani sita, na shinikizo lake likang'oa baadhi ya sumaku kwenye sakafu zilipofungiwa. Masizi yakasambaa ndani ya mabomba ya ombwe, yaliyonyonywa hewa yote, ambayo hayatakiwi kuwa na chembe ya vumbi. Sumaku 53 zilipandishwa juu ya ardhi kutengenezwa au kubadilishwa, na protoni hazikuzunguka tena hadi tarehe 20 Novemba 2009.

Jambo linalonikaa rohoni zaidi ni lililogunduliwa wachunguzi waliporudi kwenye kumbukumbu za kompyuta. Tarehe 15 Septemba, siku nne kabla ya ajali, sehemu ileile ilipitishwa ampea 7,000, na vipima joto vilirekodi kwamba eneo moja lilikuwa linapata moto kuliko majirani zake. Ongezeko lilikuwa la sehemu ndogo ya nyuzi moja, na walipolipigia hesabu likaonyesha kuwa wati kumi na kitu zilikuwa zinazalishwa mahali ambapo hapakutakiwa kuzalishwa joto lolote la maana. Wati kumi ni taa ndogo ya chumbani. Taarifa ilikuwepo, imehifadhiwa vizuri, ina tarehe na saa, na hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuitafuta.

Siandiki haya kuwalaumu. Mashine ile ina vipimo maelfu kwa maelfu, na hakuna binadamu anayeweza kuvisoma vyote. Ninachosema ni kwamba kupima na kutazama ni kazi mbili tofauti, na ya pili huwa haina mwenyewe hadi maafa yatokee. Mfumo wa ulinzi wa nyaya kubwa za kuunganishia sumaku ulikuwa umewekwa ushtuke volti ikifika 1. Baada ya ajali uliundwa mwingine unaoshtuka kwenye milivolti 0.3, yaani kwa volti ndogo zaidi kwa mara elfu tatu hivi. Kipimo cha joto kilichowafumbua macho baada ya msiba kiligeuzwa kuwa njia ya kawaida ya kusaka viungo vibaya katika sehemu nyingine, na vilipatikana.

Uamuzi ninaouheshimu zaidi ulifuata. Mashine ilisanifiwa kugonganisha protoni kwa nishati ya TeV 14; TeV ni kipimo cha nishati ya chembe. Wahandisi walisema hawaviamini viungo vyao kwa kiwango hicho, kwa hiyo mwaka 2010 ikaendeshwa kwa TeV 7, na mwaka 2012 kwa 8. Higgs ilipatikana na mashine iliyokuwa inatembea kwa gia ndogo, makusudi. Kisha, miezi saba tu baada ya ugunduzi ule, Februari 2013, wakati ambapo kila mwanafizikia angetamani data zaidi, waliizima kwa takribani miaka miwili. Viungo zaidi ya 10,000 vilifunguliwa na kupimwa kimoja kimoja, karibu theluthi moja vililehemiwa upya, na vyote vikawekewa vipande vya shaba vya kubeba mkondo endapo lehemu itasaliti. Ilipowashwa mwaka 2015 iligonganisha kwa TeV 13.

Kazi hii ina vituko vyake pia. Kabla hata ya uzinduzi, mwaka 2007, vidole vidogo vya shaba vilivyowekwa ndani ya bomba la protoni ili viruhusu chuma kujikunja na kujinyoosha vilikuwa vimepinda na kuziba njia. Kufungua kilomita kadhaa za bomba kutafuta kidole kimoja kungekuwa wendawazimu, basi wakatengeneza kimpira kinachokaribia ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, wakatia kitoa mawimbi ya redio ndani yake, wakakisukuma kwa hewa, na pale kilipokwama vipima nafasi vilivyokuwemo tayari vikawaambia ni wapi. Na Aprili 2016 mnyama mmoja wa jamii ya kicheche aligusa transfoma ya kilovolti 66 nje ya handaki. Mashine ya kuchunguza asili ya maada ikasimama kwa siku kadhaa. Mnyama hakupona.

Nawaandikia wasomaji wa huku kwetu kwa sababu viharakishi vingi duniani haviko Geneva. Viko viwandani na hospitalini. Mashine za mionzi za kutibu saratani zilizopo Tanzania, Kenya na Uganda ni viharakishi: zinarusha elektroni kwa mawimbi ya redio ya masafa ya juu hadi zigonge kipande cha tangsteni na kutoa eksirei. Zina ombwe la kulinda, maji ya kupoza, na vali za umeme zinazochoka kwa matumizi. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kiasi cha mionzi hupimwa, na kikitofautiana na kilichokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 3, kanuni zinazotumika sana zinataka mashine isimamishwe hadi sababu ijulikane. Anayepima ni mtu ambaye mgonjwa hamfahamu, na siku anaposema "leo hatutibu", foleni nzima inamnung'unikia. Nadhani ana haki ya kusema hivyo kama walivyokuwa nayo wale waliokataa TeV 14, na msimamizi wake ana wajibu wa kusimama naye. Hata hivyo bajeti zetu hupenda siku ya kukata utepe. Mkataba wa matengenezo, vipuri na mshahara wa mhandisi wa miaka kumi ijayo huachwa mwisho wa majadiliano, na mara nyingi ndivyo hukatwa kwanza.

Mwezi Machi 2015, mashine ikiwa imebakiza siku chache kuwashwa upya, sehemu ya 3-4, ileile, ilionyesha hitilafu: umeme ulikuwa unavujia ardhini mara kwa mara. Kipande kidogo cha chuma kilikuwa kimeingia kwenye kisanduku cha diodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, chini ya sumaku moja. Kupasha joto sehemu hiyo, kuifungua na kuipoza tena kungechukua wiki nyingi, hivyo walipitisha kwa makusudi mkondo wa karibu ampea 400 kwa sehemu chache za elfu za sekunde, kipande kikayeyuka, wakapima upya, wakaendelea. Wengine wangeridhika hapo. Wao, mashine ilipozimwa tena kwa muda mrefu kuanzia mwisho wa 2018, waliingia handakini na kufungua visanduku vya diodi vya sumaku zote 1,232, wakavisafisha na kuvifunika kwa kihami, ingawa kilichowasumbua Machi ile ya 2015 kilikuwa kimoja.