Dawa ya kifafa, na mgonjwa hana kifafa

Mama mdogo wangu anakaa Nkuhungu, na mwaka jana kipupwe, ule upepo wa mwezi wa saba unaotupiga vumbi hapa Dodoma, alikuwa anatoka nje kajifunga mtandio usoni yanabaki macho tu, majirani wakawa wanajiuliza kaslimu lini na ni mwanakwaya yule, kumbe upepo ukimgusa shavu la kulia anapigwa shoti. Sekunde chache tu, inaacha, inarudi. Mswaki shida, kutafuna shida. Wakamng'oa jino, wakang'oa la pili, shoti iko palepale.

Baadae daktari mwingine akasema hiyo ni neva inayobeba hisia za uso, akamwandikia kabamazepini, dawa ambayo wengi wanaijua kama ya kifafa. Kufika duka la dawa muuzaji anamuuliza kwa sauti, "Mama, mwenye kifafa ni nani?" Dawa ikakaa kabatini wiki mbili haijaguswa.

Hapa ndo nachukia. Kabamazepini haijui kifafa wala jino, inachojua ni milango ya sodiamu, yaani vitundu kwenye neva vinavyopitisha chembe za chumvi. Neva ikitaka kufyatua ujumbe inafungua hiyo milango, sodiamu inamiminika ndani, kisha milango inajifunga ipumzike kidogo, na dawa inakuja kuing'ang'ania hapohapo ikiwa imejifunga, kwa hiyo neva inayofyatua mfululizo ndo inabanwa zaidi kuliko ile inayojifanyia kazi zake taratibu. Ndo maana mtu bado anahisi shavu lake, hafi ganzi. Na hiyo neva ya hisia za uso inapeleka habari kwenye shina la ubongo, huko nako watafiti walipima kwa paka wakaona dawa inapunguza nguvu ya ujumbe unaopita. Wala si jambo jipya, daktari Blom wa Sweden aliandika habari za dawa hii na maumivu ya uso tangu 1962! Sasa miaka yote hiyo tumeshindwa kumwambia mgonjwa sentensi mbili?

Panadol hapo haisaidii kitu. Ila hii nayo sio pipi, alianza na dozi ndogo na bado siku za mwanzo alikuwa anayumba kama katoka kilabuni, na ukiona vipele unarudi kwa daktari siku hiyohiyo, husubiri.

Mwaka huu kaimba kwaya Pasaka nzima. Ila boksi la dawa kalitupa, vidonge kavihamishia kwenye kopo la mafuta ya mgando, mgeni akiuliza anasema za presha.