Muhogo, sianidi na njia ya pembeni ya mitokondria

Ng'oa muhogo leo, uuache gunia zima kivulini. Hazipiti saa 72 kabla hujaukata ukakuta mistari ya bluu na nyeusi ndani, na mnunuzi anaukataa. Tumezoea kusema umeoza, lakini hao vijidudu wa kuozesha huja baadaye. Mwanzoni muhogo unajiharibu wenyewe, na kisa kinaanzia kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyochoma sukari kwa oksijeni ili kupata nishati.

Mzizi ukijeruhiwa, sianidi, ile sumu ya muhogo iliyokuwa imefungiwa ndani ya seli, huachiwa. Sianidi hukikaba kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa upumuaji, ule unaopokezana elektroni za sukari hatua kwa hatua; ndicho kinachozikabidhi kwa oksijeni. Elektroni zikikosa njia hurundikana, nyingine huchopoka na kuigeuza oksijeni kuwa molekuli kali zinazounguza seli.

Mimea lakini ina njia ya pembeni: kimeng'enya kiitwacho oksidezi mbadala, ambacho sianidi haikiwezi. Hupokea elektroni mapema na kuzimalizia kwa oksijeni. Gharama yake ni kubwa. Mnyororo una vituo vitatu vinavyosukuma protoni ili nishati itengenezwe, na njia hii inavikwepa viwili. Sukari inaungua, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea kama joto.

Ndipo mjadala unapoanza: njia hii ni hasara au ni kinga? Kwa hesabu hiyo, anayeiita hasara ana hoja. Mkulima anataka wanga uende mzizini, usiteketee bure. Na mafuriko yakijaa shambani, ambako oksijeni hupenya majini kwa kasi ndogo takriban mara 10,000 kuliko hewani, njia hii haina msaada mkubwa: kimeng'enya chake huhitaji oksijeni nyingi zaidi, ilhali kile cha kawaida kinaweza kuokoteza hata mabaki. Oksijeni ikiisha kabisa, seli hubaki na uchachushaji, yaani kuvunja sukari bila oksijeni, unaotoa molekuli 2 tu za ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwa kila glukosi, badala ya 30 hivi.

Hata hivyo, mmea usingeuhifadhi mzigo usio na kazi vizazi vyote hivyo. Mimea ya arabidopsisi, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, iliyonyimwa aina kuu ya kimeng'enya hiki huonekana mizima ikitunzwa vizuri. Ikikutana na ukame na dhiki ya mwanga kwa pamoja, inaumia kuliko wenzake. Ni njia ya siku ya dhiki.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka kwenye muhogo wenyewe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya mihogo waliyoitia jeni ya kimeng'enya hiki kutoka arabidopsisi. Molekuli kali zilipungua zaidi ya mara 10, na mihogo ya kwenye banda la vioo ilichelewa kuharibika kwa siku 14 hadi 21. Shambani pia ilichelewa, ila ile iliyokuwa na kimeng'enya kingi kuliko yote ilitoa mizizi yenye uzito pungufu. Pande zote mbili za mjadala zimo ndani ya jaribio moja.

Sasa faida ni ya nani? Mchuuzi anayesafirisha mihogo mibichi kwenda mjini angefurahia wiki mbili hizo. Lakini mama anayeng'oa mashina mawili kila jioni kwa chakula cha nyumbani hana haja nazo. Ghala lake ni udongo, na muhogo mwingine anauanika kuwa makopa. Kwake uzito uliopungua ni hasara tupu. Kuiondoa sianidi yenyewe nako kuna bei, maana uchungu unaoandamana nayo ndio unaowafukuza nguruwe na nyani.

Mimi naona kosa liko kwenye kuufungua mlango huu wa njia ya pembeni mwaka mzima. Mmea wenyewe huuzidisha dhiki inapoingia na kuupunguza inapotoka. Ningependa kuona jeni inayoamka jembe linapougusa mzizi tu, mavuno yakiwa yameshajaa. Hapo ningekubali kuipima shambani, kwenye mizani, karibu na mbegu ambayo mama huyo anaipanda sasa.