Heller 20 za Tabora: angalia herufi L kwanza, gredi baadaye

Heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916 (heller ni chenji ya rupia ya enzi za Mjerumani) ndio sarafu inayoonewa kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye ardhi hii yetu. Mtu anaishika, anaona taji limefifia, herufi haziko sawa, ukingo huku mnene kule mwembamba, anasema hii imekwisha bwana, nipe ya Berlin. Na muuzaji naye anakubali! Anaiweka kwenye kopo pamoja na misumari na vitasa vya milango.

Sasa tukumbuke ilivyozaliwa. Ni katikati ya vita, Waingereza wamefunga bahari, sarafu za kutoka Berlin na Hamburg haziji tena, serikali ya Wajerumani inachapa noti za muda Dar es Salaam lakini chenji ya mkononi hakuna, na kuna askari wa kulipwa, kuna wapagazi, kuna sokoni. Ndio wakaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Reli ilikuwa imefika hapo 1912 tu, mashine ni za kutengenezea vichwa vya treni na mabehewa, si za sarafu. Malighafi ni maganda ya risasi na mizinga na shaba yoyote iliyopatikana. Na mwezi wa tisa mwaka huohuo, tarehe 19, Wabelgiji wakaingia Tabora, habari ikaishia hapo. Yaani kazi yote ni ya miezi tu, sasa wewe unataka iwe na sura ya kiwanda cha Berlin?

Msimamo wangu mimi ni kwamba sarafu ya Tabora ipimwe kwa mashine ya Tabora. Na huwezi kuipima hivyo kama hujajua imepigwa na muhuri upi, kwahiyo kutambua aina kunakuja kwanza na gredi, yaani kupima sarafu imechakaa kiasi gani, inafuata nyuma. Wengi wanafanya kinyume, afu wanashangaa bei haielewani.

Mihuri (nasemea vile vyuma vilivyochongwa picha, ambavyo kipande cha shaba kinabanwa katikati yake) ilichongwa hukohuko, na ilikuwa inachoka na kupasuka, ikipasuka wa upande mmoja unawekwa mwingine huku wa upande wa pili unaendelea na kazi. Ndio maana kuna michanganyiko. Upande wa taji kuna aina 2, taji kubwa na taji dogo, hiyo hata mtoto ataiona ukiziweka mbili pamoja. Upande wa thamani ndio penye raha yenyewe, kuna aina 3 na siri iko kwenye L mbili za neno HELLER. Angalia ncha za hizo L: kuna ambayo L ya pili peke yake ncha yake imejikunja, kuna ambayo zote mbili zimechongoka, na kuna ambayo zote mbili zimejikunja. Basi, hapo tu. Chukua lenzi ya sonara, mwanga uje kwa ubavu usitoke juu, utaziona. Ukizidisha 2 kwa 3 unapata michanganyiko 6, weka na madini mawili, shaba nyekundu na shaba ya manjano (ya manjano ndio nyingi zaidi), utaona mtu anaweza kukusanya heller 20 peke yake akashiba, ingawa si kila mchanganyiko unapatikana kirahisi.

Hata heller 5 ya Tabora ina ya kwake, kitako cha taji kuna cha duara kidogo na kuna kilichonyooka. Na ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke, nayo ina aina mbili, unaangalia upande wa tai lile pambo la kulia linaishia chini ya herufi gani ya OSTAFRIKA, chini ya T au chini ya A ya kwanza. Hiyo ukiletewa usikimbilie pambo, kimbilia mizani, inatakiwa iwe gramu 7.17 hivi na upana milimita 22, maana za bandia zipo nyingi sana.

Turudi kwenye gredi sasa, hapa ndio watu wanaumizana. Kufifia kuko kwa namna mbili. Kuna kufifia kwa kutumika, sarafu imepita mikononi na mifukoni, hapo sehemu zote zilizoinuka zinalika pamoja, zinakuwa laini na zinateleza. Na kuna kufifia kwa kupigwa hafifu, shaba haikujaa kwenye muhuri, hapo utaona taji limelala katikati lakini herufi za pembeni kali kabisa, na ukigeuza upande wa pili, palepale mgongoni mwa taji napo pamelala. Ukiona pande mbili zimelala mahali pamoja usiilaumu mikono ya watu, ni mashine haikukandamiza vya kutosha. Sarafu kama hiyo inaweza kuwa haijatumika karibu kabisa na bado ikaonekana mzee. Ndio maana nasema anayeipa gredi ya chini kwa kuangalia taji peke yake anamdhulumu mwenye mali.

Mistari nayo. Mstari uliovimba juu ya sarafu ni ufa wa muhuri, umetoka nao kiwandani, haupunguzi kitu na mimi naupenda kwasababu unaonyesha muhuri ulikuwa umefika wapi kabla haujafa. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa baadaye, huo ndio kasoro. Pitisha mwanga tu utajua, na tafadhali usipitishe kucha. Uzito usikutishe kwenye heller 20, vipande vilikatwa vinene na vyembamba, zinatofautiana kwa gramu kadhaa na zote ni halali.

Kinachoniuma kweli ni usafishaji. Watu wanachukua limau na majivu, wengine steelwire, wanaing'arisha mpaka inang'aa kama kijiko kipya, wanadhani wanaongeza thamani. Ukisugua hivyo zile ncha za L ndio zinaondoka za kwanza, yaani umefuta chenyewe kile kinachosema hii ni aina gani, na ile rangi ya kahawia iliyochukua miaka zaidi ya 100 hairudi tena. Kama ina udongo wa shambani iloweke kwenye maji masafi, iache ikauke yenyewe, weka kwenye karatasi. Ukinitumia picha nipigie pande zote mbili, mwanga wa ubavu, na moja ya karibu ya neno HELLER, hata kama iko chafu, chafu ndio naitaka.