Toledo haitaki haraka

Kampuni nyingi za utalii mjini Madrid huuza safari ya miji ya Toledo na Segovia kwa siku moja. Naona hiyo ni hasara tupu kwa msafiri: muda unaliwa na barabara, na kila mji unauona kama mtu anayechungulia dirishani. Toledo peke yake inatosha siku nzima, tena kwa kuchagua mahali pachache.

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Atocha huchukua kama nusu saa. Kila abiria ana kiti chake chenye namba, hakuna kusimama, kwa hiyo kata tiketi ya kwenda na kurudi siku kadhaa kabla. Wikendi viti vya jioni huisha, na aliyekosa hurudi kwa basi. Fika Atocha mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa kwa mashine. Epuka Jumatatu: Museo del Greco, makumbusho ya mchoraji El Greco, na Sinagoga del Tránsito, sinagogi la kale, hufungwa. Jumapili hufungwa saa tisa alasiri, na asubuhi yake kanisa kuu lina ibada.

Ukishuka, achana na basi. Tembea kama robo saa hadi daraja la Puente de Alcántara, na hapa msemaji wa Kiswahili ana raha ambayo watalii wengi hawana. Alcántara ni al-qantara, ile kantara tunayoikuta katika kamusi zetu. Alcázar iliyo kule juu ni kasri. Uwanja wa Zocodover ulipata jina kutokana na suq ad-dawabb, soko la wanyama wa kupanda na kubeba mizigo. Hata ukiagiza aceitunas mezani, umeagiza zeituni. Mfalme Alfonso wa Sita aliuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1085, lakini maneno hayakuhama.

Mlima ni mkali na njia ni za mawe yanayoteleza, hivyo viatu viwe vya soli yenye kushika. Mwenye magoti mabovu aanzie Paseo de Recaredo, kaskazini, kuna ngazi za umeme. Ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu. Fuata mnara wa kanisa kuu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, basi panda asubuhi na adhuhuri ukae ndani.

Anza na Cristo de la Luz, msikiti mdogo uliojengwa mwaka 999, yaani 390 Hijria, na baadaye ukageuzwa kanisa. Wengi hukaa dakika tano wakaondoka. Inua kichwa: kuna kuba 9, na kila moja imesukwa kwa namna yake. Nje, juu ya ukuta, maandishi ya Kiarabu yamepangwa kwa matofali yenyewe, si kwa rangi.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1226, lipe angalau saa mbili. Zunguka nyuma ya madhabahu kuu uione Transparente, madhabahu ya sanamu aliyoitengeneza Narciso Tomé, iliyokamilika mwaka 1732. Alitoboa dari ili mwanga uangukie sanamu za marumaru, kwa hiyo siku ya mawingu nusu ya kazi yake haionekani. Jua likijificha, nenda kwanza kwenye picha za El Greco katika sakristia, kisha urudi.

Chakula cha mchana huanza saa nane. Asiyekula nguruwe ajue kwamba carcamusas ni nyama hiyo. Mazapán ni lozi na sukari. Nunua kidogo, ule siku hiyohiyo.

Mchana mwachie Santa María la Blanca, sinagogi lenye matao meupe ya umbo la kwato. Jioni chukua teksi hadi Mirador del Valle, mahali pa kutazamia mandhari ng'ambo ya mto Tajo, uone mji wote ukishika rangi ya machweo. Tiketi ya kurudi iwe ya treni inayotangulia ile ya mwisho, ili teksi ikichelewa usilale stesheni.