Pima Volti Kwanza, Jamani!

Hivi kupima volti kunachukua muda gani? Nusu dakika! Lakini mtu anapata bodi ya gemu ya mwaka 1987, ya zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, iliyosalimika miaka yote hiyo, anaichomeka, anawasha, halafu anauliza mbona inanuka. Itaachaje kunuka?

Kiunganishi cha JAMMA, kile cha kuunganishia bodi na mashine, kina pini 56, 28 kila upande: upande mmoja namba, wa pili herufi. Volti 5 zinaingia pini 3, 4, C na D. Volti 12 ziko 6 na F, hatua mbili tu pembeni! Zikiingia njia ya volti 5, chipu zinaungua kwa mkupuo. Na kile kijiplastiki cha nafasi ya 7, kinachozuia kuchomeka kinyumenyume, mnaking'oa cha nini?

Halafu nyie wa "pawasaplai inasoma 5, basi bodi ni mbovu". Mmepimia wapi? Weka ncha za mita kwenye chipu yenyewe, tuseme ya aina ya 74LS00: mguu wa 14 (volti 5) na wa 7 (graundi). Unakuta 4.6! Chini ya 4.75 gemu inaweza kujizima na kuwaka, picha ikajaa takataka. Bodi ina kosa gani hapo? Waya wa volti 5 mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea, wakati pini ziko nne! Meno ya bodi, yale yanayoingia kwenye kiunganishi, nayo meusi tii. Mtu anashika msasa! Msasa unakwangua mpako wa juu mpaka shaba. Raba ya penseli na spiriti vinatosha, jamani, vinatosha kabisa.