Lifti ya Anga Juu ya Rungwe: Hadithi Inafaidika Nini?

Rafiki yangu, mwalimu wa fizikia Iringa, anaandika riwaya ya kisayansi yenye lifti ya anga iliyosimikwa juu ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Shujaa wake, binti wa Tukuyu, anapanda asubuhi baada ya chai, mchana yuko stesheni ya juu, jioni anapambana na maharamia karibu na mwezi. Nimeisoma rasimu yake na nimeipenda, lakini tumebishana. Yeye anaona lifti imemrahisishia kazi. Mimi naona ameinunua kwa bei kubwa kisha akaitumia kama bodaboda.

Kwa asiyeifahamu, lifti ya anga ni kebo inayotoka ardhini na kupanda mpaka kupita kimo cha kilomita 35,786. Kwenye kimo hicho, juu ya ikweta, setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini inaonekana imesimama palepale. Ndiko ziliko setilaiti ambazo madishi ya ving'amuzi vyetu yanazielekea. Juu zaidi ya hapo kebo inafungwa uzito wa kuivuta ibaki imekaza, na vibanda vinapanda na kushuka kwa umeme. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895 baada ya kuvutiwa na mnara wa Eiffel. Mwaka 1960 mhandisi Yuri Artsutanov akaeleza jinsi ya kuijenga kwa kuanzia juu na kushusha kebo chini. Mwaka 2012 kampuni ya ujenzi ya Japani, Obayashi, ilitangaza mpango wa kuwa nayo ifikapo 2050: kebo ya kilomita 96,000, na kibanda cha watu 30 kikienda kilomita 200 kwa saa.

Upande wa utetezi una hoja nzito, na ya kwanza ni bei. Roketi inaposimama tayari kuruka, zaidi ya asilimia 85 ya uzito wake ni mafuta, na mengi kati ya hayo yanachomwa kuyabeba mafuta mengine. Lifti haibebi mafuta. Ukipiga hesabu ya nguvu tupu inayohitajika kumfikisha mtu kwenye kile kimo, unapata kama yuniti 13 na nusu za umeme kwa kila kilo. Hata nusu ya umeme ikipotea njiani, kilo moja itakula yuniti 27, kiasi ambacho nyumba ya kawaida ya Uyole inakijua kwenye LUKU yake. Kwa mwandishi hili lina maana kubwa. Dunia ya roketi inapeleka angani wanajeshi, wanasayansi na matajiri. Dunia ya lifti inaweza kupeleka fundi bomba, muuza parachichi na shangazi anayekwenda kumtazama mjukuu. Binti wa Tukuyu anaaminika kuwa huko juu kwa sababu ya lifti, na hapo namuunga mkono mwalimu kwa mikono miwili.

Tatizo ni ile asubuhi na mchana. Kilomita 35,786 kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni karibu saa 180, yaani siku saba na nusu. Lori lililosheheni likipanda Kitonga kwa gia ya kwanza, utingo akitembea pembeni, ndiyo taswira sahihi ya safari hii. Mwalimu anasema mwendo huo utamlaza msomaji. Nadhani kinyume. Roketi inakufikisha kwenye mzingo wa karibu, yaani njia ya kuizunguka dunia kilomita mia chache tu juu yake, kwa dakika nane au tisa, na dakika hizo huna la kufanya zaidi ya kukaza meno. Wiki nzima ndani ya kibanda na watu wengine 29 ni jambo jingine kabisa: yupo anayekoroma, yupo aliyebeba ndizi za kupika ambazo zimeanza kuiva, yupo asiyetaka kusema anakwenda kwa nani.

Tena mwili wenyewe unatoa matukio. Waandishi wengi huwaelezea abiria wakielea mara tu anga linapokuwa jeusi, na hilo ni kosa. Kwenye kimo cha kilomita 400 uzito wako umepungua kidogo tu, kama asilimia 12, kwa hiyo chai inakaa kikombeni na mtoto akianguka kitandani analia. Nusu ya uzito inaondoka karibu na kilomita 2,600, baada ya saa 13 hivi, tuseme ule usiku wa kwanza. Mzee mwenye magoti mabovu ataamka, ashuke kitandani bila kushika ukuta, kisha akae kimya akijiuliza kimetokea nini. Kuelea kwenyewe kunakuja mwisho wa safari. Njiani, kuanzia siku hiyo ya kwanza, kibanda kinapita kwenye mikanda ya mnururisho ya Van Allen, maeneo yenye chembe za mionzi zilizonaswa na usumaku wa dunia, na polepole yake inakuwa hatari ya kweli: nani analala kwenye kona yenye kinga nzuri, na nani hakuwa na nauli ya kona hiyo? Mwandishi akipunguza safari iwe ya saa tano, haya yote anayatupa.

Hoja za kupinga nazo zina uzito, na ile inayosemwa mara nyingi, kwamba kebo haiwezekani, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli chuma hakifai kabisa. Waya wa chuma bora ukining'inizwa hukatwa na uzito wake wenyewe ukifika makumi machache ya kilomita, wakati kebo hii, isiponenepeshwa katikati, na hata tukihesabu kwamba uzito hupungua kadiri unavyopanda, ingehitaji kustahimili uzito sawa na karibu kilomita 5,000 zake zikining'inizwa hivyo. Nyuzi za mirija midogo mno ya kaboni (carbon nanotubes), zilizotumainiwa tangu miaka ya 1990, zimefikishwa nusu mita hivi maabara. Lakini ni hadithi. Mwandishi anaruhusiwa kubuni uzi. Kosa ni kubuni uzi kisha kuuacha kwenye kebo peke yake. Watu wenye uzi huo wangeshajenga madaraja ya kushangaza na fulana zisizopenya risasi. Kwenye rasimu ya mwalimu, daraja la mto kule bondeni bado linachukuliwa na maji kila masika.

Hoja inayonisumbua zaidi ni hii: kila setilaiti inayozunguka chini ya kile kimo lazima ipite juu ya ikweta, na kwa kuwa kebo imesimama pale daima, ipo siku zitagongana. Dunia yenye lifti inabidi iondoe setilaiti nyingine na vyuma chakavu vyote, au iwe na kebo inayoweza kukwepa. Halafu lifti haimsaidii sana anayetaka mzingo wa karibu. Ukiachia kitu kwenye kilomita 400 kinaanguka chini tu. Ni mpaka uvuke kilomita 23,000 ndipo kitu kilichoachiwa kinabaki kikizunguka dunia. Kwa hiyo roketi hazifi, na mwandishi aliyezizika mapema atazihitaji sura ya tatu.

Na Rungwe? Hapa moyo wangu uko na mwalimu, akili haipo. Mlima wa karibu mita 3,000 unaipunguzia safari chini ya sehemu moja ya elfu kumi. Uko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kebo ingetoka ardhini imeinamia kaskazini. Miteremko yake ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na radi za huko tunazijua. Mapendekezo mengi ya kihandisi yanaiweka baharini, kwenye jukwaa linalosogezwa. Afrika Mashariki tunayo historia ya jukwaa: kutoka San Marco, pwani ya Malindi, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Ila nyanda zetu zina kitu ambacho bahari haina, nacho ni kumbukumbu ya njia. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao, shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwao kwenda baharini. Benki ya Dunia ilishaona reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. China ikakopesha, na kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860 za TAZARA, zikipita Makambako na Mbeya. Sababu kubwa ilikuwa moja: mlango mkuu ulikuwa mmoja na mwenye mlango alikuwa adui. Lifti ya anga ni mlango mmoja. Mwandishi wa huku akitaka kuielewa, aende Tunduma, mpakani na Zambia, asimame kwenye foleni ya malori: madereva waliochuja chai kwenye majiko ya chini ya trela, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha, gesti zilizojengwa kwa sababu mtu alikwama siku mbili. Mji mzima unaishi kwa kusubiri. Sura hiyo haimo kwenye rasimu, ingawa mwalimu anapita barabara hiyo kila likizo.

Nilimwambia aachane na tukio la kebo kukatika. Limezoeleka, na kama kebo ni utepe mwembamba kuliko karatasi, kama baadhi ya michoro inavyopendekeza, sehemu kubwa ingeungua angani au kushuka bila kishindo. Kilicho kigumu zaidi kwa wahusika wake ni kebo ya pili. Ya kwanza ikishasimama, kupandisha vifaa vya kujenga ya pili ni rahisi mno, lakini lazima vipite kwenye ile ya kwanza, kwenye mizani ya mwenye kebo hiyo, kwa ushuru anaoupanga yeye. Binti wa Tukuyu angefanya kazi pale kwenye mizani. Mwalimu ameahidi kulifikiria, ila maharamia hawaachi.